Usimwondoe Mwanao Chuoni Kimyakimya

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, na ambalo naliona likirudiwa katika nyumba nyingi za kwetu, Moshi mjini na huko juu vihambani.

Miaka kadhaa iliyopita mama yetu alipatwa na kiharusi nyumbani Machame. Upande wa kulia ulilegea, na kusema akawa hawezi. Mimi nilikuwa na zamu za usiku na watoto wawili wadogo. Kaka zetu walikuwa Dar es Salaam. Basi macho yote yakamwelekea mdogo wetu wa mwisho, binti aliyekuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi katika chuo kimoja nje ya mkoa. Nikampigia simu: "Njoo umtunze mama. Chuoni wataelewa, si unauguza?" Akasema, "Sawa, dada," akafunga begi, akapanda basi. Hakuandika barua, wala mimi sikumkumbusha.

Kwa majuma saba alimlisha mama mtori kwa kijiko, akamgeuza kitandani asipate vidonda, akamfundisha tena kushika kikombe. Mama akasimama. Lakini binti aliporudi chuoni, mitihani ya muhula ilikuwa imepita, naye amehesabiwa mtoro na kufutiwa usajili. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Hatuna karatasi yako hata moja." Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha akapata nafasi chuo kingine, akaanza upya mwaka wa pili wote. Ada tuliyouzia ng'ombe ikapotea. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kuahirisha masomo na kuacha chuo ni mambo mawili tofauti. Anayeahirisha kwa ruhusa anabaki mwanafunzi. Nafasi yake inamngoja na alama alizokwisha kupata zinabaki. Anayeondoka bila ruhusa na kukosa mitihani bila sababu iliyokubaliwa huhesabiwa mtoro, na hata akiwa na shida ya kweli, ni vigumu kuieleza baadaye.

Tazama pia anaondoka lini. Katika vyuo vya kati vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, stashahada hupandwa kwa ngazi: ya 4, ya 5, kisha ya 6. Aliyemaliza na kufaulu ngazi ya 4 ana astashahada ya awali mkononi. Mdogo wangu aliokolewa na cheti hicho. Bila hicho angeanzia chini kabisa. Lakini aliyekatisha katikati ya muhula hana cha kuonyesha kwa muhula huo.

Na kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao tangu mwaka wa masomo 2023/24 unawafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, asidhani deni linakufa akiacha chuo. Alichokwisha kupokea atadaiwa.

Basi mama, shida ikibisha hodi, fanya hivi:

1. Kabla hajapanda basi, aandike barua kwa mkuu wa chuo, aeleze sababu na muda anaoomba.

2. Aambatanishe ushahidi: cheti cha daktari, au barua ya mtendaji wa kijiji.

3. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, na asihesabu kuwa ameruhusiwa mpaka apate jibu la maandishi.

4. Aulize mambo matatu: mwisho wa kurudi ni lini, ada iliyolipwa itakuwaje, na mkopo utasimamishwaje.

Msichana mmoja wa Kibosho alikuja kliniki yetu akiwa na ujauzito uliompandisha shinikizo la damu. Mama yake alikuwa na hasira, akataka binti aondoke chuoni usiku asionekane. Tulikaa naye, hasira ikapoa, barua ikaandikwa. Aliruhusiwa mwaka mmoja. Mtoto alipofikisha miezi minane, bibi alimpokea mgongoni, na binti akarudi darasani pale pale alipoachia.

Ndugu yangu, aibu na haraka ndizo zinazotufanya tuwaondoe watoto kimyakimya. Na kabla hujamwita binti, jiulize kama kaka yake hawezi kupokezana naye majuma mawili mawili. Mimi sikujiuliza.

Mdogo wangu leo ni muuguzi, naye ndiye anayempima mama presha. Tunamshukuru Mungu. Lakini mwaka ule tungeweza kuuokoa kwa karatasi moja.

Tukutane mwezi ujao.