Rusheni na Dakota

Tupo vijana tunaofufua safari za East African Airways kwenye simulata za ndege. Tunasaka ratiba za zamani, tunaipaka ndege rangi za shirika, tunaondoka saa ileile iliyoandikwa. Mimi narukia Mtowisa, bondeni Rukwa, kwa FlightGear, maana ni ya bure, na ramani yake ukishaipakua huhitaji intaneti. Wapo wanaotucheka kwamba tunachezea ndege zilizokufa ilhali njia ya kushuka Lyamba lya Mfipa bado inatutoa jasho. Hao sina neno nao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoruka.

Tunafufua fahari peke yake. Kila mtu anataka Super VC10, injini nne mkiani, Nairobi hadi London. Shirika lililoanza 1946 likafa 1977 tumeligeuza picha ya ukutani. Dakota, zilizounganisha miji ya humu humu Afrika Mashariki, hazina wa kuzirusha.

Njia ya ndege ni uamuzi kuhusu nani ahesabiwe. Mwaka 1932 Imperial Airways ilipoanza safari za London hadi Cape Town, ilitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Usidhani Mbeya ilipendwa. Ndege za siku zile hazikufika mbali bila kujaza mafuta, na Mbeya ilikaa katikati ya safari ya watu wengine. Mwaka 1937 zilipoletwa ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa, kwa uamuzi ambao haukutolewa Mbeya.

Na bondeni kwetu? Hakuna ratiba ya abiria iliyoiandika Mtowisa. Ndege zilikuja kwa ajili ya nzige wekundu. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia yao, na huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, iliyoanzishwa 1949 na kuweka makao Abercorn, Mbala ya leo, ilituma ndege kuwapulizia dawa. Nzige alifuatwa kwa ndege. Mkulima aliupanda mlima kwa miguu.

Ukiruka unaliona hilo kuliko ukilisoma. Toka Sumbawanga uelekee mashariki: uwanda wa Ufipa unakatika ghafla, na ardhi inashuka karibu mita 1,000 chini ya bawa. Ukingo wote umo, kwa vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000. Kijiji changu hakimo. Pale penye nyumba zetu programu imeotesha nyasi.

Sisemi tubuni safari ya uongo itue Mtowisa. Historia haitengenezwi kwa huruma. Nasema tusimame kila kituo, hata kile cha kushusha gunia la barua. Tujiulize ni nani aliyeweza kulipa nauli. Tukipita juu ya mahali pasipo na kituo, tupataje jina. Wala tusiuruke mwisho: mwaka 1977 wenye shirika waligombana, likavunjika, na Februari ile mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Anayeirusha Super VC10 na kuuficha mwaka huo anauza tangazo la biashara la shirika lililokwisha kufa.

Na muda hatunao. Waliofunga mizigo, waliokata tiketi na waliotengeneza injini ni wazee sasa. Ratiba na tiketi zao zimo kwenye masanduku chini ya vitanda, na mchwa hawasubiri mtafiti. Mwenye babu au bibi wa namna hiyo aende, aamkie, akae, aulize, apige picha kila karatasi. Aulize na wale ambao hawakupanda ndege hata siku moja. Nao waliisikia ikipita.

Ukiwa na hayo mkononi, rusha hata Super VC10. Utajua unapita juu ya nani.