Homa ya mama si sababu ya kumnyima mtoto ziwa

Mama ana mtoto wa miezi minne. Ameamka na homa, koo linawasha, hata mate yanameza kwa shida. Kabla hajapimwa chochote, hukumu imeshatolewa nyumbani: "Usimnyonyeshe, maziwa yako yana homa." Mtoto anakorogewa uji mwepesi, na mtu anatumwa dukani kununua vidonge vya rangi mbili.

Wazazi wa Benaco wanalijua hili. Mahali hapa palipojulikana duniani mwaka 1994 kwa kambi ya wakimbizi, leo ni kituo cha malori yanayokwenda na kutoka mpaka wa Rusumo. Watu wanapita, na mafua yanapita nao. Mbu wa malaria nao hawajahama Ngara wala Biharamulo. Homa hiyo moja inaweza kuwa jambo dogo au kubwa. Kinachotofautisha ni kipimo.

Maziwa hayaharibiki kwa homa

Joto la mwili halichachishi maziwa. Malaria haiambukizwi kwa kunyonyesha. Huletwa na mbu. Mafua humfikia mtoto kwa mate na kamasi, si kwa ziwa. Tena mwili wako unapopigana na ugonjwa hutengeneza kingamwili, nazo hupita kwenye maziwa kwenda kwa mtoto. Ukimkatisha ziwa unamnyima kinga siku anayoihitaji zaidi, na uji kabla ya miezi sita unaweza kumletea kuhara.

Basi endelea kumnyonyesha. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, funika pua na mdomo kwa barakoa au kanga safi, usimbusu usoni. Ukizidiwa, nyonyesha ukiwa umelala, mtu mwingine amshike mtoto akimaliza. Kunywa maji, uji na supu mara kwa mara, kwa kuwa homa hukausha mwili na maziwa yanaweza kupungua.

Nenda ukapime

Homa ikikushika, nenda zahanati ukapime malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha, na utaje umri na uzito wa mtoto, ili akuchagulie dawa inayofaa. Ukitibiwa malaria, usidhani dawa inayopita kwenye maziwa inamtibu mtoto. Naye akichemka, apimwe mwenyewe.

Kutuliza homa na maumivu, parasetamoli inafaa kwa anayenyonyesha: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au tatizo la ini aulize kwanza. Epuka aspirini. Dawa za kukausha mafua nazo zinaweza kupunguza maziwa.

Koo je?

Koo nyingi zinazouma husababishwa na virusi, na antibaiotiki haviui virusi. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kunywa chai yenye asali. Asali ni yako mama. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe hata kwa kulamba.

Homa ya ghafla bila kikohozi, tezi za shingo zilizovimba na madoa meupe kooni ni dalili za kukutaka umwone daktari, kwani huenda ni bakteria. Akikuandikia antibaiotiki, zipo zinazotumika bila kukatisha kunyonyesha. Maliza dozi. Na mtoto akikohoa, asipelekwe kukatwa kimio. Kisu hicho huleta damu nyingi na maambukizi, na hakitibu kikohozi.

Usisubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama umejifungua ndani ya wiki sita na una homa, hasa ikiwa tumbo la chini linauma au uchafu unaotoka ukeni unanuka. Vivyo hivyo ukishindwa kumeza hata maji, ukipumua kwa shida, au shingo ikikakamaa. Ziwa likiwa jekundu, gumu na la moto, endelea kulinyonyesha huku ukienda kutibiwa, maana ziwa lililoachwa limejaa huzidi kuuma. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, au mtoto yeyote akikataa ziwa au kupata degedege, ni dharura.

Kuna hali moja inayobadili ushauri huu. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg Machi 2023, kisha Januari 2025 wilayani Biharamulo. Yote miwili ilitangazwa kwisha. Dalili zake za mwanzo hufanana na za malaria. Kama mlipuko umetangazwa, au umemhudumia mgonjwa au kugusa maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa usioeleweka, sema mapema kituoni, na kuhusu kunyonyesha fuata watakachokuelekeza wahudumu.

Kina baba, kina bibi, mna kazi hapa. Mama anayeumwa akiambiwa aache kunyonyesha, mara nyingi hutii kwa sababu hana nguvu ya kubishana. Mpikieni uji, mchukulieni maji, mtafutieni usafiri wa kwenda kupima. Mtoto mwacheni kifuani kwa mama yake.