Asante ya Punda ni Mateke, Bosi

Mabosi wa Nairobi, tuongee. Timu imekesha wiki tatu kumaliza mradi, mteja amefurahi, pesa imeingia. Halafu mnawapatia nini? Pitsa mbili, picha ya LinkedIn, na mradi mwingine Jumatatu asubuhi. Mimi niliacha chuo, sina MBA, lakini hiyo najua si zawadi. Ni adhabu ya kujituma.

Na msituambie ati "si tuliwapa likizo". Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Hiyo ni haki yake. Zawadi inaanza pale sheria inapoishia: pesa juu ya mshahara, siku za kupumzika zisizokatwa kwa zile 21, na majina ya wote waliofanya kazi kwenye ripoti, si la meneja pekee.

Semina ya kupunguza stresi Ijumaa jioni haisaidii mtu ambaye jasho lake halihesabiwi. Wale wakali wataenda, mbaki na pitsa yenu.

Na wewe uliyeajiriwa, leo usiku soma kandarasi yako.