Acheni Kukimbilia Mlimani

Siku hizi hapa Kinanira, mtaani kwetu Bujumbura, ukikuta watu watatu wamekaa kivulini, wawili wanatafuta kiwanja na wa tatu ni komisioneri, yaani dalali. Mjadala ni ule ule: kijiji cha ziwani au kijiji cha mlimani? Zamani hapakuwa na ubishi. Mwenye chochote mfukoni alitaka Kajaga, Kabezi au Magara, asikie mawimbi usiku na ale mukeke aliyevuliwa alfajiri. Tangu Gatumba ilipofurika mwaka 2020, na ziwa likazidi kupanda, hukumu imegeuka. Wimbo wa sasa ni mmoja: maji hayapandi mlima, nunua juu ulale usingizi.

Naupinga wimbo huo, na sisi wa Kinanira ndio tuna udhuru mdogo kuliko wote wa kuuimba. Tumekaa katikati. Barabara ya taifa namba 7 inapita Musaga kupanda Ijenda. Namba 3 inafuata ufukwe hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Muha na Kanyosha, mito yenye upana wa kuruka wakati wa kiangazi, ikifika masika inakula kingo na kuacha kuta za watu zikining'inia juu ya korongo. Maji hayo hayakutoka ziwani. Yameteremka kutoka huko huko tunakoambiwa tukimbilie.

Tuanze na neno lenyewe, mlimani. Ukitoka ziwani, penye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi Ijenda, unapita nchi tatu kwa safari isiyofika kilomita 50. Chini ni Imbo, tambarare ya joto, mpunga na michikichi. Juu kabisa ni Mugamba, zaidi ya mita 2,000: baridi, viazi, maziwa, mashamba ya chai. Katikati ni Mumirwa, ule mteremko mkali ulioshikana na jiji. Anayesema "nahamia mlimani" kichwani mwake ana Mugamba. Kiwanja anachouziwa kiko Mumirwa, kwa sababu ni karibu na jiji na ziwa linaonekana kutoka barazani. Ameota malisho, amenunua mporomoko.

Mumirwa hausamehe. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilipiga vilima vilivyo juu ya Bujumbura, na maji yakashuka na mawe na matope hadi mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa. Machi 2015 mlima uliangukia Gitaza, ukafunika nyumba na kuikata barabara ya Rumonge. Desemba 2019 ikawa zamu ya Nyempundu, mkoani Cibitoke: ardhi ilishuka usiku watu wamelala, na zaidi ya 20 hawakuamka. Ng'ambo ya mpaka, Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kongo, vilizolewa na mafuriko, wakafa mamia. Vijiji hivyo viko kando ya Ziwa Kivu, lakini kilichowaua watu wake kiliteremka kutoka juu, hakikutoka ziwani.

Ziwa nalo halina hatia? Linayo, lakini lina tabia moja ambayo mlima hauna: linatoa taarifa. Linapanda kidole kwa kidole, msimu kwa msimu, na linaacha alama. Mpelelezi Cameron alipofika Mto Lukuga mwaka 1874, na mwenzake Stanley mwaka 1876, mto huo, ambao ndio mlango pekee wa kutolea maji ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa umezibwa na mimea na mchanga. Ziwa likajaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, likafika juu kuliko tunavyoliona leo, kisha likavunja kizuizi na kushuka. Mvua kubwa za kuanzia 1961 zikalipandisha tena hadi 1964. Miaka 60 baadaye, mwaka 2024, maji yakaingia tena bandarini na katika nyumba za ufukweni, na tukapiga kelele kwamba ziwa limetuvamia. Limetuvamia vipi? Lilikuwa limetoka kidogo, sisi tukahamia sebuleni kwake.

Sheria ilikwishasema. Kanuni ya maji ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ambamo mtu haruhusiwi kujenga. Pitia ufukweni uhesabu majumba yaliyomo ndani ya mita hizo, mengine ya ghorofa, yamezungushiwa ukuta ili mawimbi yasiingie. Nayo Gatumba, ambayo kila mtu anaitolea mfano, ilizamishwa hasa na Rusizi, mto unaotawanyika kwenye tambarare ile tangu zamani. Walioteseka pale wengi ni maskini waliofuata kiwanja cha bei ndogo, na sitawacheka hata kidogo. Lakini msiba wao unatufundisha kutojenga kwenye mdomo wa mto. Haukutufundisha kupanda Mumirwa.

Wapo watakaoniambia habari za afya: juu hakuna mbu. Hiyo ilikuwa hadithi ya babu. Machi 2017, serikali ilipotangaza malaria kuwa janga nchini, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuzizoea hata nyanda za juu. Na ukiugua juu, unashukaje? Mlimani kwetu hakuna kijiji kwa maana ya nyumba zilizokaribiana. Kila mtu yuko kwenye rugo lake, njia ni ya miguu, na mgonjwa anabebwa kwenye ingobyi mabegani mwa wanaume wanne hadi barabarani. Huko barabarani ndiko utakakongoja gari, katika nchi ambayo foleni ya mafuta imekuwa sehemu ya kalenda. Kijana wa miaka 30 ataona ni mazoezi. Mstaafu je?

Sisemi ufukweni ni peponi. Usiku wa mbalamwezi ndagala hawafuati taa, na mvuvi anakaa bila kipato. Samaki wamepungua kiasi kwamba Tanzania ililifunga ziwa upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili wazaliane. Joto la Imbo nalo si la mchezo. Lakini kijiji cha ziwani kina barabara, soko, jirani aliye umbali wa kuitwa, na Kiswahili cha kumkaribisha mgeni. Kama ningekuwa na fedha leo, ningeteremka hadi Rumonge au Nyanza-Lac, ambako tambarare ni pana na mlima umesimama mbali. Sio Gitaza, ambako mlima na ziwa vinakabana koo na nyumba ziko katikati. Ningekaa mbali na mito, juu ya alama ya maji ya 1964, ambayo mzee yeyote wa pale atakuonyesha kwa fimbo bila kudai franka.

Na kuna jambo la aibu ambalo wakimbizi wetu wapya wa mlimani hawapendi kulisikia. Nyumba yako ya juu, yenye bati kubwa na ua wa saruji, bila tangi wala mfereji, haimezi tone la mvua. Maji yako yote unamtupia aliye chini, naye anamtupia wa chini yake, hadi yanafika Kinanira yakiwa mto. Usalama wako umeununua kwa korongo la mwenzako.

Mwezi uliopita komisioneri mmoja alinipandisha juu ya Musaga kunionyesha kiwanja. Kweli kilikuwa kizuri. Jiji lote lilikuwa miguuni, ziwa liking'aa, na milima ya Kongo nyuma yake. Visiki vilikuwa bado vibichi. Nikamuuliza miti ilikwenda wapi.

"Mzee," akanijibu, akinyoosha mkono kuelekea ziwani, "ingekuwepo, ungeyaonaje yote haya?"