Gari kuukuu likivuja na kutetemeka, usikimbilie kununua injini

Mama mmoja wa Buru Buru ameniandikia barua ndefu kuhusu Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Anasema kila asubuhi gari hilo huacha dimbwi la oili mahali lilipolala, na likiwashwa hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akatikisa kichwa, akatangaza kuwa injini imekufa na inunuliwe nyingine. Pesa zipo, lakini ndizo karo ya kitindamimba wake anayeingia chuoni mwezi ujao. Sasa anauliza: atoe pesa hizo, au awauzie gari wanunuzi wa vyuma vikuukuu?

Mama, shikilia karo kwanza. Injini inayowaka kila asubuhi haijafa. Fundi asiyepima kitu hana haki ya kutoa hukumu.

Vijana wa siku hizi huenda wakashangaa kwa nini mtu alilie gari la namna hii. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka wa 1978 kwa ile ya milango miwili yenye silinda sita. Na waliosafiri kwenda Nakuru au Kisumu miaka hiyo wanakumbuka walivyobanana ndani ya "Pijo" za abiria. Gari hili lilivumilia barabara zetu wakati mengine yalikuwa yakivunjika chemchemi.

Turudi kwenye ugonjwa. Mama analeta malalamiko mawili, kuvuja na kutetemeka, na fundi wake ameyachukua kama dalili mbili za kifo. Katika injini ya petroli ya 504, mambo haya mawili aghalabu yana mzizi mmoja. Plagi za injini hii hazikai ubavuni mahali pa wazi. Zimezama ndani ya vijishimo virefu vinavyopita kwenye kifuniko cha valvu, na kila kijishimo kina mpira wake wa kuzuia oili. Mipira hiyo ikizeeka hukauka ikawa migumu kama ukoko wa ugali. Hapo oili hutiririka ndani na kuifunika plagi, na cheche badala ya kuruka penye petroli hutorokea kando. Silinda moja ikikosa moto, gari zima hutetemeka.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji mtambo. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, chomoa waya za plagi moja moja, ukizitia alama ili zisichanganyike, kisha mulika tochi ndani ya kila kijishimo. Ukiona oili, umempata mwizi. Mipira hiyo na gasketi ya kifuniko cha valvu ni spea za bei ndogo ukilinganisha na injini. (Jambo hili pia hueleza kwa nini gari hukohoa baada ya vijana wa kuosha magari kuipiga injini maji. Maji hujaa katika vijishimo hivyo. Yakaushwe kwa kitambaa.)

Kama vijishimo ni vikavu, itafute silinda mgonjwa. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, washa, sikiliza. Zima, urudishe, uende kwa inayofuata. Ukiondoa waya wa silinda nzima, mngurumo utazidi kuharibika. Ukiondoa wa silinda mgonjwa, hakuna kitakachobadilika, maana haikuwa ikifanya kazi. Kamwe usivute waya injini ikinguruma, kwa kuwa umeme wa hapo ni wa maelfu ya volti. Na umkumbushe fundi kwamba Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, si upande wa redieta. Nimeona waya zikipachikwa kinyume kwa sababu hiyo tu, halafu kabureta ikalaumiwa.

Ikiwa silinda zote zinatetemeka kwa pamoja, shuku hewa. Gasketi iliyo chini ya kabureta ikipasuka, au tyubu inayokwenda kwenye kisaidizi cha breki ikiwa na ufa, hewa ya wizi huingia na kuharibu mchanganyiko. Nyunyizia maji ya sabuni kidogo kwenye maungio injini ikiwa inanguruma polepole. Sauti ikibadilika, umefika. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Hao wanacheza na moto, na gari la marehemu halifai kuishia majivu.

Nairobi nayo ina hila yake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku humwaga petroli kupita kiasi, na plagi hutoka zikiwa na masizi makavu meusi. Hilo si kosa la injini. Ni la bisibisi.

Na dimbwi je? Osha injini, ikauke, kisha usiku utandike magazeti ya zamani chini ya gari. Asubuhi tazama tone limeanguka wapi, lakini usiamini tone peke yake. Oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Mafundi wengi huona oili kati ya injini na giaboksi, wakasema ni sili ya nyuma ya krenkishafti, kazi inayotaka giaboksi ishushwe. Kumbe ni gasketi ya kifuniko cha valvu iliyotiririkia nyuma ya injini. Anza juu, ndipo ushuke.

Tena injini hupumua. Moshi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampu, na unastahili kutoka kupitia tyubu ya kupumulia. Tyubu hiyo ikizibwa na uchafu, shinikizo huisukuma oili kupitia kila sili. Ndiyo maana mtu hutia sili mpya leo, baada ya wiki mbili inavuja tena, na lawama zinawashukia wauza spea wa Kirinyaga Road. Safisha tyubu kwanza.

Baada ya hayo, na si kabla, fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Zikikaribiana, usikubali injini ifunguliwe.

Liko jambo moja ambalo halingoji. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaikuta nyeupe kama chai ya maziwa, usiliendeshe gari hata hadi dukani. Maji yameingia. Povu dogo chini ya kifuniko cha kujazia oili asubuhi ya Julai huenda likawa ni umande tu, lakini oili yote ikigeuka rangi, beringi zitaliwa kwa muda mfupi. Chanzo chaweza kuwa gasketi ya hedi, au mipira iliyo chini ya silinda zenyewe, kwa maana katika injini hii silinda ni mikebe ya chuma iliyozungukwa na maji. Hedi ikiondolewa, mikebe hiyo ifungwe isicheze, na mtu yeyote asiizungushe injini. Ikiinuka hata kidogo, mipira hiyo hukatika, nayo kazi ya siku moja hugeuka kazi ya wiki. Mama amuulize fundi mapema atatumia nini kuifunga. Asipokuwa na jibu, atafute fundi mwingine.