Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mafundi Tunahitaji Ruzuku, Si Mkopo Mwingine

Dada zetu, haya yanawahusu. Na khasa nyinyi mabibi harusi ambao sikukuu ikishapita tu mnaanza kutupigia simu usiku kuuliza gauni la walima limefika wapi. Limefika kwenye shanga, inshaAllah litakuwa tayari.

Leo hatuzungumzi mitindo. Tunazungumza pesa, kwa sababu gauni unalolivaa siku moja lina hesabu ambayo sisi tunalala nayo mwaka mzima.

Sisi ni wanawake watatu wenye duka moja dogo la ushonaji hapa mjini Unguja. Tumemaliza skuli, tukasoma kozi ya ushonaji, tukanunua vyerehani kimoja kimoja. Tunashona abaya, magauni ya bi harusi na sare za waalikwa. Alhamdulillah, kazi ipo. Lakini kuwa na kazi na kuwa na faida ni mambo mawili.

Mwaka juzi tulichukua mkopo wa kikundi, shilingi 1,800,000, kwa miezi 12. Haukuwa na riba, na hilo ndilo lililotufanya tukubali, maana riba hatuigusi. Kila mwezi tulitakiwa kurejesha 150,000. Tukanunua mashine ya ovaloki na majora ya satini na lesi. Miezi ya harusi ilipokuwa imepamba moto tulilipa bila ya tabu. Kisha kazi zikapungua, kama zinavyopungua kila mwaka, na tarehe ya rejesho haikungoja. Mmoja wetu akauza bangili yake. Bangili hiyo alivishwa na mumewe siku ya harusi yake. Alitwambia ameiweka kwa mama yake. Tulikuja kujua ukweli baada ya deni kwisha.

Waliotukopesha hawakutukosea. Walitupa walichoahidi na sisi tukalipa tulichoahidi. Ila wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi tumeyaona matanga yenyewe. Deni lisilo na riba ni halali, lakini bado ni deni. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimuomba Mwenyezi Mungu amkinge na mzigo wa deni. Basi sisi ni nani tulione jepesi?

Tatizo letu kubwa ni kwamba gharama zimepanda na bei hatuwezi kuipandisha kwa kasi hiyo hiyo. Kitambaa karibu chote kinatoka nje, Dubai, China, India. Dola ikipanda, lesi imepanda. Meli zikizunguka njia ndefu, kama zilivyofanya tangu mwisho wa 2023 kukwepa Bahari ya Shamu, nauli ya kontena inapanda, na mwenye duka anaitia kwenye yadi. Zipu, nyuzi, lastiki, vyote vinafuata. Umeme wa TUKUZA tunanunua mchana na usiku, na ukikatika wiki ya harusi tunarudi kwenye cherehani cha miguu. Wakati huo bi harusi alishapewa bei miezi mitatu nyuma na mama yake ameishika kichwani. Ukimwambia imeongezeka, anakuona tapeli.

Mkopo hauponyi ugonjwa huo. Ukikopa kununua lesi iliyopanda bei, umeihamisha hasara kutoka mwezi huu kwenda mwezi ujao, basi.

La pili ni hili la kidijitali, ambalo sasa kila semina linatajwa. Wengi wetu tunadhani ni kuweka picha WhatsApp na Instagram. Hilo tunalifanya, tena vizuri. Lakini tusikilizeni kisa cha sare.

Tulipata oda ya sare, magauni 32, ushonaji 15,000 kila moja. Jumla 480,000. Tulipewa 200,000 za kuanzia. Zilizobaki wakawa wanatuma wenyewe kwenye simu, huyu leo, yule kesho, mwengine kwa jina la mumewe, mwengine mkononi kwa mtoto. Vipimo vilikuwa kwenye sauti za WhatsApp. Siku ya kesha tukajumlisha, 70,000 haipo. Shangazi wa bi harusi akaapa kuwa wote wameshalipa. Pengine kweli wameshalipa. Hatukuwa na karatasi ya kumuonesha, na yeye hakuwa nayo ya kutuonesha sisi. Tukanyamaza, magauni yakaenda, na mpaka leo tukipishana naye Darajani salamu ni ya mdomoni tu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi Waislamu hata methali hatuihitaji. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Aya ndefu kuliko zote! Kwa hiyo mtu akituambia tuweke hesabu kwenye simu, tusiseme ni mambo ya kizungu. Tumeamrishwa kuandika kabla simu haijazaliwa.

Lakini kuandika huko kwa leo kuna gharama. Simu janja yenye nafasi ya kutosha, bando la kila siku, programu ya hesabu, printa ndogo ya risiti, na mtu wa kukufundisha kwa utulivu. Mamlaka ya Mapato Zanzibar inataka biashara zitoe risiti za kielektroniki, na sisi hatubishi, kwani hiyo risiti ndiyo ingetuokoa na shangazi. Tunachouliza ni fundi wa cherehani anaanzaje wakati faida ya mwezi mzima inaliwa na nyuzi na umeme?

Hapa ndipo serikali inapoingia. Tuseme haki: msaada upo. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, hutoa mikopo isiyo na riba kwa wajasiriamali, na wapo wanawake tunaowajua walioinuka kwayo. Tanzania Bara nako sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini angalieni, yote hiyo ni mikopo. Mkopo unamfaa mtu anayenunua bidhaa ya kuuza, kwa sababu bidhaa itarudisha pesa. Printa ya risiti hairudishi pesa mwezi ujao. Mafunzo ya hesabu hayarudishi pesa mwezi ujao. Faida yake inakuja polepole, na sehemu yake inakwenda kwa serikali yenyewe kupitia kodi. Kitu cha namna hiyo kinataka ruzuku, yaani pesa isiyorejeshwa.

Wenzetu Singapore, ambao nao ni kisiwa na nao wana mafundi wa Kiislamu wanaoshona nguo za sikukuu na harusi, wana mpango unaoitwa Productivity Solutions Grant tangu 2018. Biashara ndogo ikinunua programu ya hesabu au mfumo wa mauzo ulioidhinishwa, serikali inabeba hadi asilimia 50 ya gharama. Ni jambo zuri, lakini lina mtego kwa mtu kama sisi: unalipa mwanzo wewe, kisha ndiyo unadai kurejeshewa. Singapore hilo linawezekana. Hapa, mwenye pesa ya kulipa mwanzo hana haja kubwa ya ruzuku.

Kwa hiyo tukiulizwa tunataka nini, jibu letu ni fupi. Ruzuku ndogo itolewe kwa vocha, alipwe muuzaji wa kifaa moja kwa moja, tusipewe fedha mkononi. Nusu tutoe sisi kidogo kidogo, nusu itoe serikali. Mafunzo yaje mtaani kwetu, mchana, watoto wakiwa skuli na chuoni, yasiwe hotelini siku nzima. Na kwa gharama za umeme, fundi aliyesajiliwa na anayetoa risiti afikiriwe nafuu miezi ya kazi chache. Hapo hata kujisajili watu watakimbilia.

Tunajua yatakayosemwa. Litasemwa la kwanza kuwa pesa ya bure inaleta uvivu. Mbona wakulima wa karafuu wamekuwa wakigaiwa miche na serikali, na hakuna aliyewaita wavivu? Mche haukui wenyewe, mkulima anaupalilia. Na sisi tutapalilia. La pili, kuwa ruzuku italiwa na wenye kujuana. Hofu hiyo tunayo na sisi, ndiyo maana tunasema vocha, na majina ya waliopata yabandikwe kwa sheha kila mtu ayasome. Pesa ya umma ni amana.

Lakini dada zetu, tusikae tukisubiri mlango wa ofisi ufunguliwe. Sisi watatu baada ya kisa cha sare tulinunua daftari kubwa la shilingi elfu chache. Kila oda ina ukurasa wake: jina, vipimo, bei, kilicholipwa, tarehe, na sahihi za pande mbili. Kila Ijumaa mdogo wetu anayaingiza kwenye simu. Siku ruzuku ikija, tuna kitu cha kuonesha. Anayeomba msaada na hana hesabu, hata akipewa hatajua umekwenda wapi.

Na nyinyi mabibi harusi, mna sehemu yenu. Lipeni cha kuanzia mapema ili tununue kitambaa kabla hakijapanda. Mtu mmoja akusanye pesa za sare, asitume kila mtu kivyake. Na ombeni risiti, hata kama fundi ni shoga yako. Kuomba risiti si kumtilia mtu shaka, ni kuulinda udugu. Laiti sisi na yule shangazi tungekuwa na kipande cha karatasi, leo tungekuwa tunaalikana.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na riziki zetu, na atuepushe na deni linalomnyang'anya mwanamke bangili yake ya harusi. Amin.