Mji Uliouza Rafu Zake

Msomaji mwenzangu, leo sina hadithi. Nina hasira, na nataka tugawane.

Nilipokuwa skuli ya msingi palikuwa na kiduka cha vitabu, si mbali na Darajani. Mlango mmoja, kiti kimoja, rafu mpaka darini. Mwenyewe mzee hana maneno mengi. Ukiingia huna hata senti hakufukuzi, anakwambia tu, "Mwanangu, kanawe kwanza, urojo hausomi kitabu." Pale ndipo nilipoisoma *Kuli* ya Adam Shafi, nimesimama, kurasa chache kila nikitoka chuoni. Nilipoimaliza nikajua kuwa makuli wa bandari yetu waligoma mwaka 1948. Bandari ile ile ninayopita kila siku!

Juzi nilimchukua rafiki yangu nikamuoneshe. Mlango upo. Ndani mna vinyago, shanga na simba wa Tingatinga. Msichana wa dukani akanikaribisha kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Dada, mie mtu wa Kikwajuni." Tukacheka wote wawili, lakini nilitoka pale roho inaniuma.

Ati vijana hawasomi! Maneno haya nimeyachoka. Panda boti ya Dar uwaangalie wenzako: nusu yao vichwa vimeinama kwenye simu, wanafuata hadithi za mapenzi sehemu ya kumi, ya ishirini, ya arubaini. Kiu ipo. Kilichokauka ni kisima.

Kimekaukaje? Kwanza, kodi. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Kuta zikapata wenyewe. Lakini mlango unaoweza kukodishwa kwa muuza zawadi za watalii, nani atampa muuza riwaya? Sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020, mji mzima ulilia. Duka la vitabu likifa halitoi mshindo, kwa hiyo hapana anayelia.

Pili, vitabu vyetu vingi huzaliwa ng'ambo ya bahari. *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed ilichapishwa Nairobi mwaka 1976. *Kuli*, Dar es Salaam, 1979. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, Nairobi tena, 1980. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa, alipata Nobeli mwaka 2021. *Paradise* yake ilipogeuzwa kuwa *Peponi* mwaka 2022, ilitoka Dar. Mwandishi wa Unguja anaandika habari za Unguja, kisha kitabu kinapanda chombo kurudi kwao kama mgeni. Duka la mtaani ndilo lililokuwa likimpokea mgeni huyo. Tumelifunga, halafu tunauliza kwa nini haji!

Na hichi ndicho Kiunguja kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tumeilisha Afrika Mashariki nzima lugha, sisi wenyewe tunalala na njaa.

Tatu, na hapa msinikasirikie, ni sisi. Yaangalie maduka ya misahafu na juzuu. Yapo. Kwani wao hawalipi kodi? Yapo kwa sababu kila mzazi anayempeleka mwanawe chuoni hununua juzuu, haendi kuazima. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunafanya nini? Kitabu kikitoka, mmoja ananunua, kumi na tano wanatoa kopi. Siku hizi hata kopi hatutoi: "Yakhe, nirushie PDF." Halafu tunakaa Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, tunalalamika kuwa fasihi imekufa. Marehemu tumemzika wenyewe, na sanda hatukununua.

Sitaki semina. Nataka mambo mawili.

Kwa Serikali: tangu Mapinduzi ya 1964 mnamiliki nyumba nyingi ndani ya Mji Mkongwe. Toeni mlango mmoja tu, kwa kodi ambayo muuza vitabu ataiweza. Msiniambie ipo maktaba Maisara. Maktaba ni ya kuazima. Mwandishi hali kwa kuazimwa.

Kwako msomaji: acha kuomba PDF. Nenda kwa muuza madaftari wa mtaani kwenu, uliza riwaya kwa jina lake. Akisema hana, rudi wiki ijayo uulize tena, na mpeleke mwenzio naye akaulize. Mfanyabiashara akiulizwa kitu mara kumi, atakileta.

Mie nina mswada chini ya kitanda, mwaka wa tatu sasa. Ukija kuwa kitabu, sitaki ukaanzie uwanja wa ndege kwenye duka la watalii. Nataka uwekwe pahala ambapo mtoto aliyetoka chuoni, hana hata senti, ataweza kusimama akausoma. Mikono awe ameshanawa.